Arobaini ya Bibi

Jumanne, Ruponda

Mara tatu leo bibi amerudisha uji, eti mwepesi, hauna pilipili manga. Kosa langu. Wiki iliyopita, daktari alipombandika utando wa kondo la nyuma kwenye kidonda chake cha kisukari mguuni, nilimweleza kuwa umetoka kwa mwanamke aliyejifungua na kuridhia kuutoa. Nilidhani atagoma, maana kwetu kondo huzikwa.

Akafikiri, akasema, "Basi na mimi mzazi. Sitoki ndani mpaka arobaini."

Kabla ya hapo, miezi mingi tulimsihi atulie kidonda kipone, akawa anatorokea kwenye mikorosho. Nilikuwa nimeanza kuogopa watamkata huo mguu.

Sasa kidonda kinafunga. Leo nesi kauliza tumemtulizaje. Nikamwambia, "Amejifungua."