Tone la Nta Kifuani mwa Ndege

Imogiri, Bantul
9 Septemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Warsiti,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Taichung? Mgongo umepoa, au bado unambeba peke yako yule bibi wa watu unayemuuguza? Sisi tu wazima, isipokuwa macho ya Mama. Nitafika huko, nivumilie.

Batiki yako ya harusi imekwisha. Usishangilie bado.

Mwezi wa Ramadhani nta ilinidondokea kifuani mwa yule ndege mkubwa wa katikati niliyekuwa nikimchora kwa nta. Tone dogo tu, la kutolewa kwa chuma cha moto na maji. Nikaogopa kukiharibu kitambaa. Basi nikawa mchapakazi, mdogo wangu! Nikachuja nta iliyokuwa safi tayari, nikagongelea misumari kigoda kisicholegea, nikafagia ua asubuhi na jioni. Jirani yetu Bu Darsi akanicheka: "Ua unang'aa hivi, hata kuku wanaona haya kunya! Batiki je?"

Mama naye hakuchoka kuuliza: "We Tin, lile tone umelitoa?" Nami, "Inggih." Unazijua inggih zetu, ndiyo ya adabu isiyomfunga mtu. Alitaka kitu kimoja tu, aione batiki yako ikiwa na rangi zake. Presho ya macho haikumsubiri. Amepofuka mimi nikifagia, Warsiti, na naona aibu hata kuandika.

Siku nilipoketi nalo, tone lilitoka kabla chai yangu haijapoa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nikaurudia mstari pale kwa nta, nikatia rangi. Kabla sijaichemsha batiki ili nta itoke, Mama akaiomba. Akaipapasa ile mistari ya nta bawa kwa bawa, akiitaja. Alipofika kifuani, kwenye mstari mnene, akasita.

"Hapa ndipo ulipokuwa ukifagia?"

"Inggih," nikasema, na safari hii ilikuwa ndiyo ya kweli. Yeye akacheka, mimi nikalia.

"Haya, kachemshe. Mwenzio anaolewa, usije ukaanza kufagia tena."

Msalimie sana mchumba wako Pardi. Mume wangu Giyo na Bu Darsi wanakusalimu. Salamu za Mama zimo kwenye batiki yenyewe: pembe aliyoianza kwa mkono wake macho yakiwa bado mazima sikuichemsha, nta bado ipo. Fumba macho uipapase. Ndivyo anavyoona siku hizi.

Mungu aibariki ndoa yenu, awape mikono isiyoogopa.

Ni mimi dada yako akupendaye, ingawa kwa kuchelewa,
Murtinah