Kona ya Mama Mkwe

Mbinga,
19 Juni 2016

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na joto la ziwa liwe limekutuliza kifua kama daktari alivyotuambia. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu haina adabu. Kahawa imeanza kuiva, Beata ameshinda shambani tangu asubuhi, na wajukuu wanakusalimu wote, hata yule mdogo ambaye bado anakuita Babu Lori.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Baba, tusidanganyane, masikio yako yalibaki kwenye lori la ushirika. Nikipiga, dada Ephrasia ndiye anayepokea, na kila ninalomwambia anakurudishia kwa kelele mpaka Chiwanda nzima inapata habari. Haya ya leo nataka uyasome mwenyewe, polepole, na miwani yako. Ndiyo maana nimempa Mwalimu Zabron akuletee mkononi.

Habari ya ajali uliipata. Uliambiwa kwamba mwezi wa tatu niligongana na pikipiki pale kwenye kona uliyoipa jina la Mama Mkwe, kwa sababu, ulisema, haiingiwi bila hodi. Nilikuwa nateremka kwenda Mbamba Bay kuchukua dagaa wa usipa, gari tupu, peke yangu. Florian, mwendesha bodaboda wa Kingerikiti, alikuwa anapanda na kiroba cha usipa nyuma yake. Hospitali walimkata mguu wa kulia chini ya goti. Sijakuambia kwamba baada ya hapo aliomba fidia kwenye kampuni iliyolikatia gari langu bima, na kwamba maneno yetu yalipishana. Mimi niliwaambia trafiki kwamba aliingia kona kwa upande wangu bila kupiga honi. Yeye alisema alipiga mara mbili, akasikiliza, hakusikia gari, ndipo akaipanua kona kukwepa makorongo ya mvua. Shahidi hakuwepo. Ilikuwa neno langu na neno lake, na kesi ikalala hivyo miezi miwili.

Sasa nikupe maajabu. Unakikumbuka kile kidude cheusi kilichokuja na gari langu, Noah, kutoka Japani, kimebandikwa kwenye kioo cha mbele? Kila nikiwasha gari, sauti ya mwanamke ilisema maneno ya Kijapani, nami nikimwamkia kwa utani. Uliniambia nikitoe. Nikakataa, kwa kuwa kilinifaa kutundikia rozari ya marehemu mama. Mwezi uliopita Wilfred, fundi simu wa pale stendi, aliingia kwenye gari kuangalia redio, akakiona, akacheka mpaka akajishika mbavu. Akaniambia ile ni kamera, na kwamba tangu ninunue gari imekuwa ikirekodi kila ninapopita. Akachomoa ndani yake kadi ndogo kama ukucha, akaitia kwenye kompyuta yake isiyo na spika.

Baba, sijui niandikeje ili uone nilichokiona. Wilfred alieleza kwamba kamera hiyo hufuta picha za zamani na kuandika mpya, lakini gari likigonga au likifunga breki ghafla, kipande hicho hukitunza. Kwa hiyo kipande cha kwanza hakikuwa changu. Kilikuwa cha Mjapani aliyelimiliki gari kabla yangu. Barabara nyeupe, paa za nyumba nyeupe, na theluji inaanguka kama maua ya kahawa yanavyopukutika baada ya mvua, ila hii haikomi. Mara bibi kizee mwenye mwavuli akaingia barabarani, gari likafunga breki, likateleza kidogo, likasimama hatua mbili tu kutoka kwake. Bibi akainamisha kichwa kushukuru, akaenda zake. Kiti ninachokalia kila siku kilikuwa kimemwona bibi yule, wala sikuwa na habari.

Kipande cha pili kilikuwa Mama Mkwe yenyewe. Tarehe ile, saa ile. Rozari inaning'inia pembeni, ukingo wa mawe unasogea, kisha Florian anatokea kwa upande wangu, ana miguu yake miwili. Nilisimama nikavua kofia kama mtu aliyeingia kanisani. Siku iliyopita haikuwa imepita. Ilikuwa imekaa kwenye kadi, nyuma ya rozari ya mama, ikinisubiri.

Unawajua watu wa stendi. Wilfred aliona picha inatisha, akaiwekea wimbo wa kwaya juu yake, kama wanavyofanya kwenye video za misiba, akawarushia watu kwenye simu. Siku ya pili ilikuwa imefika Mbamba Bay. Kila aliyeiona alimwona Florian upande usio wake, nami nikapewa pole na pongezi kwa pamoja. Katekista wetu akaitaja mbele ya watu, kwamba kama kadi ya ukucha inaona hivi, sembuse Mungu. Nilikaa benchi la mbele nikiitikia kwa kichwa. Florian akaitwa mwongo. Kunigunda, mkewe, akaacha kwenda kwenye sala za jumuiya, kwa sababu akina mama walikuwa wakinyamaza anapoketi.

Nikaipeleka video Songea, kwenye ofisi ya bima. Anayeshughulikia madai pale ni mama mmoja anaitwa Gaudiosa, mpole lakini hapitwi na kitu. Aliuzima wimbo, akaitazama mara nyingi, akapima kona kwa rula kwenye kioo cha kompyuta. Kisha akaniambia kwamba picha ni nzuri, ila yeye hawezi kumnyima mtu fidia ya mguu kwa video iliyovalishwa kwaya. Alitaka kadi yenyewe, isiyoguswa, na kila kilichomo.

Nikarudi Mbinga nikiwa na furaha. Siku moja kabla ya kuipeleka kadi niliazima kwa Wilfred kompyuta na vile visikilizio vya masikioni, nikaketi nyumbani mchana, nikitaka kuiona Japani mara ya mwisho. Safari hii nikaisikia pia, maana kumbe kamera ilikuwa na masikio. Nilisikia injini ya gari langu ikiunguruma kwenye theluji, na redio ya Mjapani ikiimba chini chini.

Kikaja kipande changu. Baba, hapa futa miwani.

Injini haikusikika. Nilisikia rozari ikigonga kioo, tik, tik. Nilisikia maji ya kijito, na kwale akilia kwenye migomba. Kisha, kutoka chini ya mlima, honi ya pikipiki. Mara moja. Mara ya pili. Na baada yake, karibu kabisa na sikio langu, sauti yangu mwenyewe ikisema bila haraka:

"Huyo yuko mbali bado."

Nilikuwa nimezima gari. Nilikuwa nateremka kimya ili kuokoa mafuta, ufunguo umerudishwa hatua moja usukani usijifunge, ile njia unayoijua, na kumbe kamera nayo ikabaki na umeme. Honi niliisikia nikaacha kuijibu. Nilipomwona Florian nikakanyaga breki, na breki ya gari lililozimwa unaijua, ilikuwa ngumu kama jiwe. Mjapani alisimama kwenye barafu, mimi sikuweza kusimama kwenye mchanga mkavu. Habari ya injini nilikuwa naijua tangu siku ya kwanza, nikaificha. Honi nilikuwa nimeisahau, au niliirudia ile kauli ya "hakupiga" mpaka ikakaa mahali pa kumbukumbu. Mpaka leo sijui ni lipi. Florian alifanya kama wote wanavyofanya pale: akapiga, akasubiri jibu, akasikiliza mngurumo. Mimi nilikuwa nimelifanya gari kuwa bubu.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa mwema papo hapo. Kadi ni ndogo na choo chetu ni kirefu, nilikwenda nayo hadi mlangoni. Kilichonirudisha ni hofu, lakini si ya polisi. Barabarani nilikuwa peke yangu, nikanong'ona maneno manne, na bado yakasikiwa na kutunzwa. Nilijiona mdogo sana, Baba. Sijawahi kuogopa hivyo hata ndani ya kanisa.

Nikapanda bodaboda hadi Kingerikiti. Kunigunda alisimama mlangoni, hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikamwomba Florian avae visikilizio. Alisikiliza amefumba macho. Akaomba nirudie. Nikarudia mara tatu. Kisha akavitoa, akamgeukia mkewe, akasema taratibu, "Nilipiga. Mama Henry, nilipiga."

Kumbe kwa kuona video ile na kusemwa kila siku, alikuwa ameanza kuamini kwamba hakupiga. Wakati wa Pentekoste alikwenda kwa padri akaungama uongo ambao hakuusema. Aliponiambia hivyo nilishindwa kumtazama. Nilingoja matusi, ningeyapokea yote. Aliniuliza jambo moja tu, kwa nini gari halikuwa na sauti, nami nikamweleza. Akainamia ile suruali iliyokunjwa gotini. "Nilisikiliza, kaka," akasema. "Nilisikiliza sana."

Kadi nimemkabidhi Gaudiosa pamoja na maelezo niliyoyaandika kwa mkono wangu, na nakala nimeipeleka polisi. Madai ya Florian yamefunguliwa upya, na Gaudiosa amesema safari hii hayana mgogoro. Leseni yangu wameishika, mahakamani ninaitwa mwezi ujao, na Noah imeegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wanalala chini yake. Katekista nimemwomba nafasi nisimame mbele ya watu wale wale walionipongeza. Hukumu yoyote itakayokuja nitaipokea.

Gaudiosa aliniuliza mchezo wa kuzima gari mlimani nilijifunza kwa nani. Nikamjibu sikufundishwa na mtu. Wewe na mimi tunajua ni kwako, tangu wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia, ushirika ukayumba na mafuta yakawa ya kujinunulia. Lakini sikulaumu, na nimekuandikia ili usijilaumu. Nimekumbuka kitu. Wewe ulipozima lori, ulikuwa unapiga honi toka juu ya Mama Mkwe mpaka chini, bila kupumzika, nami mtoto kando yako nikiziba masikio na kukuonea aibu. Nilichukua nusu ya somo, ile ya mafuta. Ile nyingine nilidhani ni fujo zako.

Msalimie dada Ephrasia na shemeji, na umwambie asisome barua hii kwa sauti. Florian naye amekusalimu. Anataka kumjua mzee aliyeipa kona ile jina, na Kunigunda ameanza kurudi jumuiya. Beata ameitundika rozari ya mama ukutani, juu ya kitanda chetu.

Ukipanda mlima kuja huku kwa mavuno, kaa karibu na dereva wa basi, na mkifika pale mwambie apige hodi. Wewe hutaisikia, lakini wa upande wa pili ataisikia.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Xaveri