Namfuata Mke Wangu Kijitoni na Yeye Hajui

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla mwezi haujaisha, maana nimejifunga kamba mwenyewe na sijui nianzie wapi kuifungua. Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kiko nyuma ya kituo cha mabasi, na mke wangu alikuwa akishona mapazia mpaka presha ya macho ilipomfungia kazi, sasa anaona mwanga na vivuli tu, lakini usimwonee huruma mwanamke yule, mwonee wivu! Nje kidogo ya mji kuna msitu mdogo wenye kijito na njia za miguu kando ya maji, zamani tulikuwa tukienda pamoja, na miezi miwili iliyopita akaniambia, "Baba watoto, sokoni nashikwa mkono, ngazini nashikwa mkono, hata bafuni mnanigongea kuuliza kama niko salama. Nipe njia moja tu ya kwenda peke yangu." Nikamwahidi. Kila Jumamosi asubuhi jirani mwenye teksi humshusha langoni, na mimi, mshauri, Jumamosi ya kwanza moyo ulinishinda, nikapita uchochoroni na baiskeli nikamfuata, nikijiambia ni leo tu, na sasa zimefika Jumamosi saba, tena nimebandika soli laini za sponji chini ya viatu vyangu ili asinisikie.

Ungemwona! Maji yakiwa kulia anajua anaingia, yakiwa kushoto anajua anatoka, na madaraja ya mbao anayahesabu kwa mlio, la pili lina ubao mmoja unaolia, naye huukanyaga makusudi akacheka peke yake. Siku moja alikuta vijana wawili wamepotea na ramani yao mkononi, akawaongoza yeye mpaka langoni, na mimi nyuma ya mti ilibaki kidogo tu nipige makofi. Miaka ishirini na sita ya ndoa sijawahi kumpenda kama ninavyompenda akiwa hatua hamsini mbele yangu, na aibu inanimaliza.

Kinachoniumiza zaidi, naona ameanza kusahau. Jumamosi iliyopita alikaa kwenye benchi baada ya daraja la tatu, akajibana pembeni kabisa na benchi zima ni tupu, akamenya chungwa, akala nusu, nusu nyingine akaiacha juu ya ganda akaenda zake. Nikaila, nisikudanganye. Halafu juzi mezani akatangaza kwamba mwisho wa mwezi atachukua njia ya juu, ile inayovuka kijito kwa mawe, haina pa kushika hata kidogo. Nikimwambia kuwa nimekuwa nyuma yake, nimemnyang'anya Jumamosi zote saba. Nikinyamaza akateleza, sitajisamehe. Jana nimefika nyumbani akanitania kama kawaida yake, kwamba gundi yangu inapiga hodi kabla yangu, na mimi nikashindwa kucheka. Nifanyeje?

Fundi wa Soli Laini

*

Fundi, weka nyundo chini unisikilize.

Nianze kwa kukusema. Mtu aliomba kitu kimoja, ukaahidi, ukavunja ahadi mara saba, tena kwa viatu ulivyovitengeneza kwa kazi hiyo. Hofu yako naielewa. Mtu wako akiwa karibu na maji, huwezi kutulia kibandani ukigonga misumari. Lakini hofu hiyo ni yako, na umemtwisha yeye bila kumuuliza.

Sasa nijibu. Mwanamke anayejua daraja kwa mlio wake, anayekunusa kabla hujagusa mlango, amekukosaje kwa Jumamosi saba? Hizo soli za kimyakimya ulizibandika kwa nini, kwa mate? Kwa gundi, baba! Pua yako imeizoea, ya kwake bado inafanya kazi.

Na lile benchi, hakujibana. Alikupisha. Ile nusu ya chungwa nayo hakuisahau, ilikuwa yako, na ukaila bila hata kusema asante.

Sikuwapo, huenda nakosea. Lakini anayetaka kwenda peke yake hatangazi siku na njia mezani mbele ya mtu anayemnyatia. Nadhani mkeo amechoka kukusubiri ujitokeze, na wewe unamsifu kwangu mimi nisiyemjua wakati yeye hajasikia hata neno.

Leo jioni, kabla hujavua aproni, mwambie yote, Jumamosi saba na chungwa lake. Usiyataje macho yake. Sema, "Niliogopa, na nilifurahi kukutazama." Akikasirika, usijitetee, ana haki. Kisha muulize kuhusu yale mawe, na atakachosema ndicho kitakachofanyika. Akisema ubaki, utabaki langoni kwa mlinzi, simu zenu zina chaji, na utakaa hapo mpaka arudi, hata makalio yakifa ganzi.

Akisema njoo, ng'oa kwanza hizo soli za sponji. Atangulie yeye, fimbo yake ipime kila jiwe, na mkono wako uutie mfukoni mpaka atakapouomba. Na mkifika daraja la pili, akishaukanyaga ule ubao akacheka, ukanyage na wewe, kwa kishindo.