Muhogo Nilioupanda Jumapili

Tororo, Jumamosi, 1965.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na mwamba wa Tororo umefunikwa na ukungu. Sikufyeka leo. Nyasi ikilowa, fyekeo linateleza tu. Nimekaa chumbani kwangu katika kambi ya vibarua, daftari juu ya goti, na moyo ni mzito.

Owino ameondoka.

Nieleze tangu mwanzo, maana nikirukaruka nitajidanganya. Mimi ni kibarua wa uwanja katika chuo cha kilimo, kile wanachosema ni mkono wa chuo kikuu. Huu ni mwaka wa nne tangu nitoke Taita. Kazi yangu ni kufyeka, kuchora mistari kwa chokaa, na kufukuza watu. Uwanja ni mmoja tu, na ni wa wale wachezaji mpira kumi na mmoja wanaoleta kikombe. Wanafunzi wengine wote kazi yao ni kupiga makofi. Wasichana wanakaa barazani na vitambaa vya kushona, wanatazama.

Owino alikuwa kijana wa Mulanda, mwenye miguu mirefu kama ya korongo. Hakuwa katika timu. Nilimfukuza yeye mara nyingi kuliko wenzake wote. Alizoea kusimama kando ya mstari, kidole kimoja cha mguu ndani, akinitazama.

"Mzee Taita, hii nyasi umeoa?"

"Toka hapo, kijana."

"Basi sema mahari ni ng'ombe ngapi. Sisi nachanga!"

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata mimi nilicheka. Kisha nikawafukuza.

Lakini hakukata tamaa. Alikwenda ofisini wiki baada ya wiki, na maneno yake yalikuwa yale yale. Kwao chungu cha malwa, pombe ya ulezi, huwekwa katikati, na kila aliyekaa ana mrija wake. Hapa chuoni wanakunywa watu kumi na mmoja, na waliobaki wanaambiwa waimbe. Mwishowe mkuu wa chuo akakubali. Ile ardhi tambarare chini ya mikaratusi ingekuwa uwanja wa pili, wa mwanafunzi yeyote, hodari na asiye hodari, na upande mmoja wasichana wangecheza netiboli. Sharti lilikuwa moja: pasiwe na mazao ya mtu. Karani wa ofisi angekuja kutazama siku ya Jumatatu.

Ardhi ile niliwahi kuilima mimi, kwa ruhusa ya mdomo tu. Nilivuna mara moja nikaiacha, ikawa kichaka. Sikuikumbuka tena mpaka niliposikia wengine wanaitaka.

Ndiyo kweli yenyewe, na inaniuma kuiandika.

Nilijiambia kwamba wao watapata vyeti waende zao, mimi nitabaki na jembe. Nikakumbuka kwamba huku hakuna anayeng'oa muhogo wa mtu. Hata chifu hungoja uvunwe, na muhogo huchukua mwaka na zaidi. Basi Jumapili, watu wakiwa bado kanisani, niliomba vijiti vya muhogo kwa jirani, nikafyeka na kuchomeka mstari baada ya mstari. Nilikuwa na haraka. Kila mara niligeuka kutazama nyuma kama mwizi.

Jumatatu karani alikuja, Owino nyuma yake na kamba ya kupimia begani. Karani alitazama, akaniuliza kama shamba ni langu. Nikasema ni langu, tangu zamani. Akasema kuna mazao, basi mpaka yavunwe. Akarudi zake.

Owino alibaki. Alichuchumaa, akagusa kijiti kimoja. Kilikuwa bado kinatoka maziwa pale kilipokatwa. Alinitazama, na mimi nikatazama mikaratusi. Kisha akakunja kamba yake taratibu na kuondoka.

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo walikwenda kucheza penye changarawe, juu ya shimo linalochimbwa mawe. Walikwenda wengi, hata wasichana wawili watatu. Kutoka uwanjani kwangu nilisikia vicheko vyao, na nilisema moyoni, unaona, wamepata pao.

Juzi Owino alikuwa golini. Mpira ulikuja juu, akarudi nyuma kuudaka, na nyuma hapakuwa na kitu, akatumbukia shimoni. Goti limevunjika vibaya. Daktari amesema halitakunjika tena.

Leo asubuhi lori la pamba lilisimama mlangoni ili limpeleke kwao. Tulimpandisha juu ya magunia, mguu umefungwa plasta, mvua inatunyeshea sote. Nilimfunika turubai. Nikawa nakaza kamba zake. Ndipo akasema.

"Mzee Taita, ile muhogo yako ulipanda kichwa chini."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mstari mzima, mzee. Macho yanatazama chini. Mimi nasoma kilimo, hiyo naona mara moja."

"Sasa kwa nini hukumwambia karani?"

Alijaribu kucheka, uso ukajikunja kwa maumivu.

"Wewe ni mgeni huku. Nikisema, wanafukuza wewe. Utakwenda wapi?"

Dereva akawasha injini. Sikupata hata kumwomba msamaha. Nilibaki nimesimama barabarani mpaka lori likapotea kwenye ukungu.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi shambani. Ni kweli. Vingi vimeoza. Vichache vimechipua, vimepinda kama vinaona aibu kutoka ardhini.

Nimemchukia mtu mmoja tu leo, na ndiye anayeshika kalamu hii.

Ofisi imefungwa mpaka Jumatatu, lakini jembe halina ofisi. Nitaanza kesho, Jumapili, siku ile ile niliyoiba. Nitang'oa chote, nitasawazisha, nitanyoosha kamba na kuchora mistari ya pande zote mbili, wa wavulana na wa wasichana. Jumatatu nitamweleza karani kila kitu. Akinifukuza, njia ya Busia ya kurudi kwetu naijua.

Chokaa iko tayari kwenye ndoo, nimeifunika na gunia isilowe.

Ila nikishachora lile goli, nani atasimama pale?