Baba Mdogo Ametapika Damu

Dada Oliva, shikamoo. Songea baridi inang'ata, ila hasira niliyo nayo inatosha kuota kama moto.

Unajua baba mdogo Gervas alipasuliwa India, mshipa mkubwa wa tumboni ulipovimba, wakamwekea bomba la kitambaa. Jumapili tukiwa tunakula samaki mbasa, akatapika damu kidogo, kisha akatulia. Mama mdogo akamwita "daktari" wa Majengo, mmoja wa hawa waliofungua zahanati binafsi tangu serikali ilipotoa ruhusa, mwenye kibao kikubwa kuliko nyumba. Hakumgusa hata tumbo.

"Vidonda vya tumbo hivyo. Aache pilipili."

Nikamwambia mgonjwa ana bomba ndani. Akacheka. "Dada, bomba la India halina neno." Na majirani wakacheka naye, wapumbavu wale!

Nikakodi gari, nikampeleka hospitali ya misheni. Daktari wa huko aliposikia habari ya bomba hakucheka, alimpasua mchana uleule. Bomba lilikuwa limeutoboa utumbo. Alisema jambo hilo huwapata wachache sana, na kwamba angetapika damu mara ya pili ingemmaliza. Ameziba kwa muda. Akipata nguvu atapelekwa Dar.

Leo yule wa Majengo amekuja wodini na chupa ya dawa, anatabasamu, eti kumjulia hali mgonjwa "wake".

Baba mdogo akamkazia macho, kisha akanigeukia. "Mwambie nimelala."

Mwombee, dada yangu. Wakumbatie watoto, nimewakumbuka mno.

Mdogo wako,
Skola