Mbuyi na Kabanga kwenye kadi moja

Likasi, Jumamosi, Novemba 1999. Mvua tangu asubuhi.

Mvua ipo na umeme upo, vyote viwili, jambo la nadra. Bwawa la umeme la Mwadingusha limetuhurumia kutwa nzima. Na minye, mimi mwenyewe, najivuna. Niseme wazi kabla moyo haujapoa: leo najivuna.

Naandika kwenye ukurasa wangu humu ndani ya kompyuta ya zahanati. Hauna msomaji, maana mashine hii haijaungwa na laini ya simu yoyote. Inajiuliza na kujijibu yenyewe. Masera Agnes, mtawa anayesimamia zahanati yetu ya Kikula, alitumiwa mashine hii na ndugu zake huko Ulaya, akanikabidhi kwa sababu nilisoma ufundi. Baba, fundi wa kiwanda ambacho hakimlipi tena, hunitania kila jioni: "Sasa ile mashine tutaikula na majani ya sombe?"

Kazi yenyewe ni hii. Mama anakuja na mtoto, najaza visanduku kwenye ukurasa, nabonyeza, na programu niliyoiandika inapokea majibu na kuchapa kadi ya uji wa soya. Bila kadi, Jumatatu hakuna uji. Kila nikibonyeza, majibu yanapita juu ya kioo kwenye mstari wa anwani, yameshikana mikono: mama=fulani, mtoto=fulani.

Jana Masera alisema mapasa, watoto pacha, waandikwe kadi moja. Ana haki, hapa kwetu mapasa hawatenganishwi. Ukimpa mmoja ndizi bila mwenzake umejitafutia maneno. Basi nikanakili kisanduku cha "mtoto", nikakibandika chini ya kile cha kwanza. Nikarudi nyumbani nikijiona fundi.

Leo akaja Mwambuyi. Ndivyo tunavyomwita kwa heshima mama aliyezaa mapasa. Huyu anauza samaki wa ziwa Tshangalele sokoni. Mbuyi, mkubwa, miguu imemkonda kabisa. Uji ule anauhitaji kuliko wote. Nikaandika Mbuyi, nikaandika Kabanga, mdogo wake, nikabonyeza, nikamsomea mama yao kadi.

Kabanga peke yake.

Mama yao akasema polepole: "Na Mbuyi iko wapi? Minye nilizala babili. Ukiandika mumoya, mwenzake unamutuma wapi?"

Nikachukua kalamu nimwongeze Mbuyi pembeni. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Pembeni? Mtoto mkubwa? Alikaza kitenge, akawabeba wote wawili, akatoka mvuani bila kadi. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Masera hakunigombeza. Alisema tu, "Bon, turudi kwenye karatasi na kalamu." Hilo liliniuma zaidi ya kugombezwa.

Nikarudi kwenye kioo. Pale juu, kwenye mstari wa anwani, nikawaona: mtoto=Mbuyi&mtoto=Kabanga.

Wote wawili walikuwa wamefika.

Programu yangu ndiyo iliyowawekea kiti kimoja. Mbuyi aliketi, Kabanga akaja kwa jina lilelile la kisanduku, akamwinua mkubwa wake. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba swali moja linaweza kuja na majibu mawili, na yote yakawa ya kweli. Nikatoa kiti, nikaweka benchi: kila anayekuja anakaa kando ya mwenzake, na kadi inasoma benchi zima. Mistari michache tu. Nikajaribu mapasa, nikajaribu mtoto mmoja, nikajaribu hata watatu, Mungu atuepushe. Ikakubali.

Nikaitia kadi mpya kwenye sashe ya plastiki, nikakimbia sokoni na matope yote yale. Nilimkuta anafunika samaki. Nikasoma mbele yake: Mbuyi kwanza, kisha Kabanga. Alitazama mikono yangu, na minye mtoto wa Likasi najua mapasa hawasalimiwi mikono mitupu. Nikanunua kwa jirani yake mkate wa kukaanga, umebaki mmoja tu, nikaukata katikati. Akavipima vipande kwa macho. Kisha akapokea kadi, akaanza kunitukana kwa kuimba, yale matusi ya mapasa ambayo ni baraka, na ambayo siwezi kuyaandika kwenye mashine ya watawa. Soko zima lilicheka. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Baba amekuja kunichukua na mwavuli. Nimemwonyesha kila kitu, kuanzia mstari wa juu mpaka kadi. Ameinama mbele ya kioo kama anavyoinamia mota, akauliza maswali ya maana, halafu akasema: "Ulifungua, uliona, ulifunga. Ile ni kazi." Mzee huyu hajasifu kitu tangu kiwanda kinyamaze. Sasa ananisubiri mlangoni, hata habari ya sombe haitaji.

Nazima mashine, lakini swali moja natoka nalo: katika kadi zote nilizochapa leo kabla ya Mwambuyi, nani mwingine alifika mpaka mstari wa juu, na minye sikumpa mahali pa kukaa? Jumatatu, kabla ya uji, nitazipitia moja moja.