Jina la Nchi na Koti la Baba

S.L.P. 418,
Machakos.
12 Agosti 1998

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Mgongo unaendeleaje tangu mlipomaliza kuvuna mbaazi? Mimi huku mjini ni mzima, nashinda kwenye cherehani na wateja hawaniachi nipumue.

Baba, nasikia bado unasimulia pale sokoni Kalama jinsi ulivyomnyamazisha Mzee Karanja, mjomba wa mchumba wangu Njogu, siku walipokuja kuniposa. Una haki ya kujivuna. Alipodai kwamba jina Kenya ni la Wakikuyu kwa sababu Mlima Kenya wao huuita Kirinyaga, Mama alishika kichwa. Wewe ulisimama ukamweleza kwamba Mzungu aliyeliandika kwanza aliuona mlima akiwa Kitui, na sisi Wakamba ndio tuliomwambia ni Kiinyaa, kwa kuwa weusi wa mawe na weupe wa theluji ni kama manyoya ya nyaa, yaani mbuni. Ukamwomba atoe kitambulisho aone kama kimeandikwa Jamhuri ya Kirinyaga.

Karanja akakiri kwamba jina ni letu. Ulicheka mpaka machozi, ukasema watu wanaokubali ukweli hivyo wanaweza kupewa binti. Wewe, uliyekataa miaka miwili hata kusikia Njogu akitajwa!

Sasa keti, Baba. Ni mimi niliyempanga Karanja. Nilimwomba aanzishe ubishi huo, kisha ashindwe, kwa sababu nakujua: ukishinda ubishi unagawa hata koti ulilovaa. Alikataa kwanza, akisema wazee wa kwao watamcheka, nikamshonea suruali akalegea. Lakini habari ya mbuni sikumwambia mimi. Hiyo ilimwingia kweli, na siku hizi anawaeleza wateja dukani kwake kama vile aliigundua mwenyewe.

Sijutii, ila sitaki kuolewa Jumamosi kwa hila. Kama idhini ulimpa Karanja kwa kushindwa kwake, ichukue. Nitalia sana, nawe nitakuheshimu. Kama ulinipa mimi, njoo kanisani.

Najua utakuja. Nimekushonea koti jipya la kijivu, maana hilo ulilo nalo utamvisha Karanja.

Msalimie Mama, mwambie asikucheke mbele ya majirani.

Ni mimi binti yako mkaidi, ninayekupenda,
Mutheu